Mishono Mitatu ya Mwisho

Wewe unanijua, mimi na simu si marafiki. Binti yangu ndiye aliyeniingiza kwenye lile kundi la washona ngozi, akasema mama utapata watu wa kuongea nao badala ya kuongea na sindano. Humo ndani tuko wengi: wengine hapa Lubumbashi, wengine Likasi na Kambove, na mmoja ana jumba lake kule Golf, mtaa wa matajiri, na ngozi anaagiza kutoka ng'ambo. Hakuna anayekula kwa kazi hii. Tunashona kwa kupenda, Jumapili au tukitoka kazini, kisha kila mtu anapiga picha ya sakoshi yake ya begani, mkanda wake, kifuko chake cha funguo, anaituma, na wengine wanajibu kwa vidole gumba na mioyo. Muzuri sana. Félicitations. Endelea vile vile. Hata mshono ukipinda kama njia ya mbuzi, bado ni muzuri sana. Nilikuwa nimeshazoea upole huo, ingawa kusema kweli ulinichosha.

Basi mwezi uliopita mama mmoja wa kundi, ambaye huenda Lukafu kununua mahindi, akatuma picha ya sakoshi ya zamani. Akaandika kwamba mkanda wake wa begani umekatika, mwenyewe anatafuta fundi, na yeye anaogopa kuigusa kwa sababu hajawahi kuona mshono wa namna ile. Niliikuza picha kwa vidole viwili. Ngozi nyeusi, nene, inayong'aa kwa miaka ya kushikwashikwa. Mishono midogo, iliyolingana, yote imelala upande mmoja. Nikaufuata ukingo mpaka mwisho wake, pale pembeni chini ya kifuniko, na pale nikakuta mishono mitatu mibaya, imekazwa mno hadi ngozi imejikunja.

Ile mizuri ni ya mama yangu. Ile mitatu ni yangu mimi, niliishona nikiwa na miaka tisa, na sijawahi kumwambia mtu hadi leo ninapokuambia wewe.

Tulikaa hapa hapa Lubumbashi, kwenye zile nyumba za matofali mekundu walizojengewa wafanyakazi wa reli, nyumba za mstari mmoja, kila moja na barza yake ndogo mbele na mpapai wake nyuma. Nyumba ilikuwa ya babu, mzazi wa mama. Alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana, akiifuata reli, na maisha yake yote alifanya kazi kwenye atelie, karakana ya reli, ambako mashine zilizungushwa na mikanda mirefu ya ngozi. Mkanda ukikatika mashine inasimama, na babu anaitwa aushone. Alizaa mabinti watupu, kwa hiyo mshono wake alimfundisha mama. Baadaye ikaja mikanda ya mpira, ile ya ngozi ikatupwa, na babu akawa anaileta nyumbani imeviringishwa begani. Alisema ngozi iliyozungusha mashine miaka yote ile haiwezi kushindwa kubeba madaftari ya mtoto.

Babu alipokufa, mama alirithi vyombo vyake na rundo la mikanda lililojaa nusu ya stoo. Kazi yake mama ilikuwa kulea sisi na kulima bustani. Ngozi ilikuwa mapumziko yake. Papa, yaani baba yangu, mtu wa mgodini, alimtania mbele ya wageni: "Benzangu balioa bibi, miye nilioa mushonaji wa biatu." Lakini mkanda aliouvaa kwenda Misa ulikuwa wa mama, na usipouangalia, mwenyewe angeinua koti uuone.

Msimu wa kazi ulikuwa kiangazi chetu cha baridi, ile miezi ambayo asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi na watoto wanagombania nafasi kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Mama aliloweka mkanda kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, mafuta ya mashine yakatoka meusi, akamwaga, akaloweka tena. Mimi nilisugua kwa gunzi la mahindi hadi vidole vikafa ganzi. Kisha tuliivuta ngozi juu ya ubao na kuipigilia misumari pembeni ingali mbichi kwa maji, na hapo mama hakukosa kusema ule msemo wa wahenga, ngozi ivute i maji. Aliusema akivuta ngozi, na aliusema vile vile akinivuta sikio.

Uzi aliupaka nta ya vipande vya mishumaa ambavyo sakristani alituletea kutoka kanisani, ndiyo maana nyumba yetu ilinuka altare na gereji kwa pamoja. Nafasi ya matundu aliipima kwa meno ya uma wa mezani, na uma huo haukurudi tena jikoni. Alitoboa kwa waya wa gurudumu la baiskeli alioupiga msasa ukawa mkali, kisha akapitisha sindano mbili, moja huku na moja kule, zikipishana ndani ya tundu moja. Bado naisikia sauti yake: uzi unapita, uzi unapita, halafu kimya kidogo anapovuta.

Walikuwa wanne walioshona kwa kupenda. Mama. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mzee mjane aliyefanya kazi na babu kwenye atelie ile ile. Mwalimu wangu wa darasa la nne. Na huyo sakristani wa mishumaa. Jumapili baada ya Misa ya pili walikutana kwenye barza yetu. Kulikuwa na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukausha, na ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, imefunikwa kitambaa, lakini hakuna aliyegusa chakula kabla kila mtu hajaweka mezani alichokishona. Kitu kilizunguka mkono kwa mkono bila neno. Walikinusa, walikikunja, walipitisha kidole ukingoni. Halafu kila mmoja alipaswa kutaja kosa moja. Sifa hazikuruhusiwa. Jirani alisema sifa ni za mtu anayetaka kuuza. Na aliyetajiwa kosa hakujitetea. Alijibu neno moja tu, "Minasikia," na kitu kikapita kwa mwingine.

Kulikuwa na desturi ya pili, nayo ilitoka kwenye atelie. Kule, mkanda haukurudishwa kwenye mashine kabla mtu wa pili hajaukagua na kuumalizia kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu macho ya aliyeshona yameshachoka na yanajidanganya. Kwa hiyo pale barzani hakuna aliyemaliza kazi yake. Kila mmoja aliacha mishono mitatu ya mwisho wazi, uzi unaning'inia na sindano zake, na mwenzake mmoja, siku zote yule yule, ndiye aliyeifunga. Mwalimu na sakristani walifungiana. Mama na jirani walifungiana, kama jirani na babu walivyofungiana kabla yao.

Jirani huyo nilimpenda kuliko nilivyoonyesha. Alinuka tumbaku ya kunusa, na radio yake ndogo ilikuwa haimtoki sikioni. Alinipa vipande vya ngozi nijifunzie kwenye ngazi ya nyumba yake, na kila mara nilipovuta uzi alicheka hadi akakohoa. "Hapana vile! Uzi haiko mbuzi, usiuvute vile!" Mimi nilivuta tu. Niliamini kwamba mshono ukikazwa sana ndio unakuwa hodari, na hakuna aliyeweza kunitoa imani hiyo.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Alimimina munkoyo pembeni ya kikombe. Alimsalimu papa akidhani ni mwalimu. Wote waliona, na wote wakanyamaza kwa adabu. Ikifika zamu ya kazi yake, mwalimu alitafuta kosa dogo lisilouma, labda rangi ya kifungo, na sakristani alisema mkanda ungekuwa mrefu kidogo. Mama aliipokea mwisho, akaipitishia kidole, akairudisha akisema kosa lile lile la sakristani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza kitu kibichi.

Jumapili moja jirani alileta mfuko wa kubebea madaftari. Hata mimi mtoto niliona mishono inapanda na kushuka. Ulizunguka. Mwalimu akasema la kifungo. Sakristani akasema la urefu. Mama akaushika muda mrefu, halafu akamwambia jirani, ambaye alimwita yaya, kaka mkubwa, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Yaya, mishono inalewa. Inatoka ku njia."

Munkoyo ulisimama mikononi. Jirani aliinua uso, si kwa mama, kwa upande ambao hakukuwa na mtu.

"Minasikia," akasema. Akapapasa kofia yake chini ya kiti, akaipata, akavuka barabara bila kula.

Papa alimgombeza mama siku ile, na papa hakuwa mtu wa kugombeza. Alimwambia amemvua mzee nguo mbele za watu. Mama alikuwa anaosha sahani, hakugeuka. "Nikianza kumusifu," alisema, "ni sawa minasema alishaka kufa." Kisha akaniita nimletee maji mengine, na nilipompa nikaona kwamba analia.

Jirani hakuja Jumapili iliyofuata, wala nyingine, wala ya tatu. Kiti chake kilikaa pale pale na hakuna aliyekikalia. Hapo ndipo mama alipochagua kipande kizuri kuliko vyote vya rundo la babu, alichokuwa akikificha miaka yote, na akaanza sakoshi. Hakuniambia ni ya nani. Lakini alipokata tundu dogo la duara ubavuni, mahali pa kuzungushia kitufe cha radio, sikuhitaji kuuliza. Sijawahi kumwona akishona polepole vile. Mshono wowote usiomridhisha aliufumua.

Jumamosi aliikunja ndani ya kitenge akaiweka juu ya kabati. "Kesho kisha Misa utamupelekea yaya," alisema. "Usiseme kitu. Atajua mwenyewe."

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Kesho yake mama alikuwa jikoni akisonga bukari nyingi kuliko kawaida, na mimi nilikuwa peke yangu na ile sakoshi. Nikafungua kitenge nione. Ilikuwa nzuri hata nikaogopa kuishika. Ila pale pembeni mishono mitatu ilikuwa wazi, sindano zinaning'inia, na matundu yale ya mwisho yalikuwa makubwa, mabaya, makubwa mara mbili ya mengine. Nikajua mama amekosea kutoboa. Na nikafikiri: mzee haoni. Mishono yake inalewa, mama mwenyewe amesema. Akifunga hii ataiharibu, itapitishwa mkono kwa mkono Jumapili, na watu watamvua nguo tena. Nilifikiri namsaidia, rafiki yangu. Nilifikiri nawasaidia wote wawili. Nikakaa chini nyuma ya kabati, nikafunga ile mishono mitatu, nikavuta kwa nguvu zangu zote ili yale matundu makubwa yafichike. Nikakata uzi kwa meno.

Jirani alikuwa amekaa mlangoni kwake, radio inaimba kwaya. Niliweka sakoshi magotini pake. Hakuniuliza ni nini. Aliinusa, akaipapasa, akakuta lile tundu la duara, kidole chake kikaingia, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu siku nyingi. Kisha kidole kikaanza safari yake ukingoni, polepole, mshono kwa mshono, kikizunguka kuelekea ule mwisho. Kilipofika kwenye mishono yangu kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena.

"Mama njo alituma hivi?" aliuliza.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Niliona uso wake umebadilika, nikajua nimeharibu kitu, ila sikujua ni kitu gani, na mtoto aliyeogopa hana ila kujificha nyuma ya mkubwa.

"Eeh," nikasema.

Kwaya ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine. Halafu akanipapasa kichwa na kusema, "Basi umuambie: minasikia."

Nilipeleka ujumbe jinsi nilivyopewa. Mama aliponisikia uso wake ulifunguka. Alisema atakuja, anaupaka tu uzi nta tena, unamjua yaya kwa mambo ya uzi. Akapangusa kile kiti, akaweka sahani. Mwalimu na sakristani walikuja, wakaona sahani ya tano pembeni ya ya papa, wakakaa kusubiri. Na mama kwa furaha yake akaanza kunieleza, mimi niliyekuwa nimesimama pale: "Matundu ya mwisho nilitoboa makubwa, juu kidole yake ipate njia. Hata na macho ya kufunga atafunga muzuri. Utaona."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, ingekuwaje kama mtu angefunga kitu chake mwenyewe.

"Kintu unafunga weye mwenyewe ni ya soko," alisema. "Ni ya mugeni, wenye hautamuona tena."

Bukari ilipoa. Samaki akakauka mara ya pili. Mwalimu aliondoka wa kwanza, akisema ana madaftari ya kusahihisha, na mama akafunika ile sahani kwa sahani nyingine. Ilifunikwa hivyo hadi giza. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo mara nyingi. Lakini kila saa iliyopita ilifanya maneno kuwa mazito zaidi, na kesho yake yalikuwa mazito kuliko jana, na kufikia mwisho wa wiki sikuweza tena kuyainua.

Usiniulize kwa nini mama hakuvuka tu barabara. Hatua kumi zilikuwa nyingi? Hazikuwa nyingi, lakini kwao kitu kikishatoka mkononi hakifuatwi. Umetoa, umetoa. Aliyepewa ndiye anayerudi, na asiporudi amekujibu.

Mvua za kwanza zilipoanguka, kamyo ya mizigo ilisimama mbele ya nyumba ya jirani. Binti yake, aliyeolewa Lukafu, alikuja kumchukua akakae naye shambani, maana alikuwa sasa anajigonga kwenye milango yake mwenyewe. Walipakia kitanda, masufuria, sanduku la vyombo vya ngozi. Alipotoka, tuliona sakoshi begani mwake, na radio ndani yake inaimba. Mama alikuwa amesimama barzani. "Anaivaa," alisema, si kwangu, kwa nafsi yake. Akainua mkono kumpungia. Aliuinua juu kabisa na kuuacha pale, na jirani akapanda kamyo uso umeelekea upande mwingine, kwa sababu haoni, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mkono umeinuliwa kwa ajili yake. Mimi ningeweza kumwambia. Nilikuwa karibu na kamyo kuliko mtu yeyote.

Baada yake mambo yalivunjika yenyewe. Mwalimu alihamishiwa Kambove. Sakristani akafa, na mishumaa ikafa naye. Mama akawa anapaka uzi mafuta ya ng'ombe. Aliendelea kushona, lakini hakuwa na wa kumfungia. Kila kitu alichoshona alikiacha wazi mishono mitatu, akakiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Papa alimwambia, ufunge basi, bibi, watoto wanakosa mifuko na wewe unazika mifuko. Alijibu kwamba mufungaji wake alienda. Akaanza kingine. Nilikua nikisikia lile sanduku likifunguliwa na kufungwa, na kila likifunguliwa nilipata kazi ya kwenda kufanya nje.

Mama alituacha miaka michache iliyopita, wakati wa baridi. Nilikaa kando ya kitanda chake siku nyingi, tukiongea juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Niliogopa nikiwa na miaka tisa, na niliogopa nikiwa na wajukuu. Aliniachia vyombo vya babu, ule uma, na lile sanduku.

Ndiyo maana picha ile ilipokuja niliharakisha kuandika, niletee mimi. Ikaja. Niliibadilishia mkanda wa begani, usiku mmoja na asubuhi mbili, na mishono mingine sikuigusa. Kisha nikaipeleka Lukafu mwenyewe, nikiwa nimeamua kwamba kule nitasema.

Binti wa jirani sasa ni bibi kizee. Alinikaribisha kwenye jamvi mbele ya nyumba, mahindi yameanikwa pande zote. Alinionyesha kaburi la baba yake nyuma ya shamba, tukasali, tukarudi kukaa. Sakoshi ilikuwa magotini pake. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, kabla sijajionea huruma: kwamba mama aliiacha wazi kwa ajili ya baba yake, kwamba ni mimi niliyefunga, kwamba mama hakujua hata siku moja.

"Papa alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Alijua ni weye. Siku ile ile. Alisema: hii mukono ni ya kale katoto, kanavuta uzi sawa mbuzi."

Sikuelewa. Kama alijua, kwa nini hakuja? Yule bibi aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni, kisha akanieleza nusu ya desturi ambayo pale barzani hakuna aliyewahi kuitamka mbele yangu. Kule atelie, mkono wa mfungaji ukizeeka, hakuna aliyemwambia. Mwenzake alimpa kijana mishono ya mwisho, bila maneno, na mzee akikuta kazi imefungwa kwa mkono mpya alielewa mwenyewe, akainuka, akaacha kiti. Ilikuwa heshima. Ilikuwa namna ya kumwondoa mtu bila kumwaibisha.

"Njo ile alikuuliza, mama njo alituma hivi. Weye ukasema eeh." Alisema bila hasira yoyote. "Alinyamaza siku mingi. Kisha alianza kuonyesha bantu. Anashika fasi hii, anasema, munasikia? Huyu njo alibakia ku kiti yangu. Mama yake haiko peke yake."

Mzee alikufa akiamini hivyo. Aliamini kwamba kule Lubumbashi kila Jumapili nimekaa kwenye kiti chake, namfungia mama kazi zake. Na mama alikuwa na mfungaji ndani ya nyumba yake miaka yote ile, akimpikia, akimfulia, akimsuka nywele, na mfungaji huyo kila akisikia sanduku linafunguliwa alitoka nje.

Nilimwomba ruhusa nifumue ile mishono mitatu. Aliikumbatia sakoshi kifuani. "Hapana," alisema. "Hapa njo fasi papa alikuwa anashika."

Nilirudi nyumbani Jumapili jioni. Nililivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, nikatoa mfuko wa juu kabisa, wa mwisho ambao mama alishona. Nilipaka uzi nta. Nilikaa barzani kwangu mahali penye mwanga. Nikaingiza sindano kwenye tundu la kwanza kati ya yale matatu, nikavuta taratibu, taratibu kabisa, kama alivyonisihi yule mzee kwenye ngazi ya nyumba yake. Ngozi ikapasuka. Ilikuwa imekauka mno, ilikuwa imesubiri mno. Tundu likafunguka hadi ukingoni kama mkate wa juzi. Nikajaribu mfuko mwingine. Ukapasuka vile vile.

Nilipiga picha ya ule mpasuko, karibu kabisa, bila kuficha kitu, nikaituma kwenye kundi. Nikaandika: "Hii ni kazi yangu. Tafadhali niambieni kosa."

Hawakuchelewa. Vidole gumba vikaja, mioyo ikaja. Muzuri sana, mama. Félicitations. Wa Golf akaandika kwamba ngozi ya zamani ina uzuri wake. Nikawashukuru. Nikaendelea kukaa pale na simu mkononi na sindano inaning'inia, nikisubiri hata mtu mmoja anitajie kosa langu, nipate kumjibu kwamba nimesikia.